Bomba tupu huelea, hata chini ya ardhi

SWALI: Shikamoo fundi. Huku Mambrui tunataka kupitisha bomba jeusi la polithini, milimita 110, chini ya barabara ya kwenda Garsen, mita 100, bila kukata lami. Mwenye mtambo wa kutoboa tundu chini kwa chini na kulivuta bomba ndani yake anasema unavuta tani 10, tusiwe na wasiwasi. Mimi ndiye msimamizi. Nitajuaje bomba litavutwa kwa nguvu gani? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Tani 10 ni za mtambo, si za bomba. Bomba hilo, ukuta wake ukiwa milimita 10, mimi silivuti kupita tani 2 na nusu. Na likiwa limeanikwa juani tangu asubuhi, hata hizo ni nyingi.

Shika kalamu. Mita moja ya bomba ina kilo 3 hivi, lakini inachukua nafasi ya lita 9.5 za tope la bentonaiti, yaani udongo laini uliokorogwa na maji, linalojaza tundu. Tope lenye kilo 1.2 kwa lita litalisukuma juu kwa kilo 11.4. Basi bomba tupu halilali chini ya tundu, linakwaruza dari kwa kilo 8.4 kila mita. Zidisha kwa 100, kisha kwa msuguano wa 0.3: kilo 250. Lijaze maji, zinabaki kama 60! Mafundi wengi hukataa maji wakidhani wanaongeza mzigo.

Kisha mapindo ya tundu. Kamba ya jahazi ukiizungushia nguzo gatini unajua inavyoshika. Bomba nalo hushika hivyo. Mapindo yakifika nyuzi 30 kwa jumla, ongeza asilimia 17.

Utaniuliza, kilo 300 zatisha nini? Kinachotisha ni mchanga wa huko kwenu. Hesabu hii ni ya tundu lililosimama imara, limepanuliwa mara moja na nusu ya bomba, tope linatoka bila kukatika. Mchanga ukiporomoka, opereta huongeza nguvu ya kuvuta tu, na bomba hurefuka likawa jembamba bila kupasuka. Mtalifukia hivyo hivyo. Geji ya mtambo nayo haikuambii, maana inapima pia mzigo wa vyuma vya kuchimbia na wa kipanuzi, kile kichwa cha kupanua tundu, kilichotangulia bomba. Dai pini ya kukatika, inayokatika yenyewe nguvu ikifika tani 2 kabla bomba halijaumia, ifungwe mbele ya kichwa cha bomba. Wakikwambia hawana, kazi isianze.

Likishatokeza upande wa pili, msikate siku hiyo. Bomba lililovutwa hurudi, na lililotoka juani likipoa nyuzi 20 hupungua sentimita 35 hivi kwa mita 100. Acheni mita 2 nje, muunge kesho yake.