Kufunga fremu ya Makoroboi na kuuza viatu mtandaoni pekee

Ndugu, umeuliza kama ni busara kuirudisha fremu yako ya Makoroboi na kuuza viatu mtandaoni tu, kwa kuwa mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nimeuza magauni kwa njia hiyo hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na ninaamini duka la mtandaoni lina maisha marefu mbele yake, ila si kwa kila bidhaa, na viatu ni miongoni mwa bidhaa ngumu.

Kodi utakayoiokoa itahamia barabarani. Mteja wa Nyegezi akiagiza namba 41, kiatu kikambana, bodaboda atakudai nauli ya kwenda na ya kurudi, ilhali dukani mteja huyo angejaribu jozi nne bila wewe kutoa hata shilingi. Wa Sengerema na Geita nafuu wanayo, kwani tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 basi halingoji tena kivuko. Wa Ukerewe bado anategemea meli. Hata hivyo, hao wote hutakiwa kulipa kabla ya kuuona mzigo, na kwa jinsi watu walivyolizwa na kurasa za Instagram zilizofutwa baada ya fedha kutumwa, swali la kwanza ninaloulizwa si bei, bali duka liko wapi.

Mtaji mkubwa peke yake hauondoi ugumu huo: Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake za Tanzania Novemba 2019. Amazon yenyewe, iliyoanza kwa kuuza vitabu mtandaoni, ilinunua maduka ya vyakula ya Whole Foods mwaka 2017, kisha mwaka 2022 ikatangaza kuyafunga maduka yake ya vitabu. Kwangu hilo lina mantiki, maana kitabu hakijaribiwi mguuni wala hakibonyezwi kama parachichi. Chaja, vipuri na vipodozi vya chapa inayojulikana vitauzika bila fremu. Kiatu kinahitaji mahali pa kukijaribia, hata pakiwa padogo.

Mimi nimekodi kona ndani ya duka la fundi cherehani, ambaye hupunguza gauni papo hapo likipwaya. Mwenye nyumba wako akiridhia umpangishe muuza vipodozi nusu ya fremu, maliza mazungumzo hayo kabla kodi ijayo haijafika.