Kupinda maandishi kwenye Inkscape bila kuyaharibu

Maandishi yaliyopindwa yakionekana vibaya, mara nyingi kosa lilianza kabla hayajapindwa. Pengo kati ya A na V ambalo halisumbui kwenye mstari ulionyooka huwa wazi kabisa herufi zikishafuata duara. Basi rekebisha nafasi kwanza. Kwenye Inkscape, ambayo ni programu ya kuchora kwa kompyuta, shika zana ya maandishi (F8), weka kishale kati ya herufi mbili, kisha bonyeza Alt pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia. Kila mbonyezo husogeza pikseli moja ya kioo, kwa hiyo ukikuza mchoro, herufi husogea kidogo zaidi. Kubadilisha nafasi za neno zima, tumia Alt na alama ya > au <.

Kwa duara, chagua maandishi na duara pamoja, kisha bonyeza "Put on Path" kwenye menyu ya maandishi. Hapa ndipo wengi hukwama: duara huanzia ukingo wake wa kulia na kwenda kama saa inavyozunguka, kwa hiyo neno linateremka ubavuni badala ya kukaa juu. Usianze upya. Yatoe maandishi kwenye duara ("Remove from Path"), yapange katikati, kisha yaweke tena, nayo yatahamia ukingo wa kushoto. Kisha zungusha duara nyuzi 90 kuelekea inakozunguka saa, neno lipande juu. Duara lenyewe usilifute, maana maandishi yatanyooka tena. Liondolee rangi na mstari tu.

Neno la chini, kama lile la kwenye mhuri, linahitaji duara lake. Geuza duara hilo liwe njia, yaani mstari unaoweza kuuhariri nukta kwa nukta (Shift+Ctrl+C), igeuze mwelekeo ("Reverse" kwenye menyu ya Path), panga maandishi katikati, yaweke kwenye njia hiyo, kisha zungusha nyuzi 90 kinyume cha saa. Sasa herufi zimekaa ndani ya duara, ilhali zile za juu ziko nje, kwa hiyo pinde mbili hazilingani. Ongeza nusu kipenyo cha duara la chini kwa kimo cha herufi kubwa moja. Halafu tazama nafasi: vichwa vya herufi za chini vinabanana, viachanishe, vya juu vinatawanyika, visogeze karibu.

Kuvimbisha au kubinya neno zima ni kazi nyingine. Nakili maandishi kwanza (Ctrl+D) na ufiche nakala moja, kwa sababu yakishakuwa njia huwezi tena kusahihisha tahajia. Yageuze yawe njia, kisha unganisha herufi zote kwa Ctrl na +. Ukitumia Ctrl+K ("Combine") badala yake kwenye fonti ya mwandiko wa mkono, pale herufi zinapopandana hubaki matundu meupe. Baada ya hapo weka athari ya "Envelope Deformation", inayokupa kingo nne, kila mmoja wa kupindwa peke yake.

Kiendelezi cha zamani cha kazi hiyohiyo ("Envelope" kwenye menyu ya Extensions) husogeza nodi tu, yaani zile nukta zinazounda njia. E na T zina nodi pembeni tu, kwa hiyo mistari yake hubaki imenyooka huku O ikipinda vizuri. Chagua nodi zote na ubonyeze Insert mara mbili au tatu kabla ya kukitumia, si zaidi, kwani kila mbonyezo huongeza nodi maradufu.

Fonti nayo chagua nene. Panapobinywa, mistari ya kulala hukonda, na fonti yenye mistari myembamba kama unywele hupotea kabisa ikichapishwa ndogo.