Kwa nini shubiri inaoza kwenye ndoo, na jangwani inastahimili?

Swali: Shubiri yangu (aloe vera) iko kwenye ndoo ya plastiki. Naimwagilia kila jioni isikauke, lakini majani ya chini yamelainika na yanachuruzika maji. Mmea wa jangwani unaishije miezi bila mvua, halafu ufe ukipewa maji?

Jibu: Pole sana. Maji ya kila jioni ndiyo yanayoiua.

Asili ya shubiri ni Rasi ya Arabuni, kwenye milima mikavu ya upande wa Oman. Mvua ikinyesha huko, mizizi yake iliyotandaa karibu na uso wa ardhi hunywa upesi, na majani huyahifadhi maji ndani ya ute wake. Kisha udongo hukauka na mizizi hupata hewa.

Siri kubwa iko kwenye vitundu vidogo vya jani. Mimea mingi huvifungua mchana ili kuvuta hewa ukaa, na maji hutoroka kama mvuke kupitia humo humo. Shubiri huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, huiweka hewa ukaa kama asidi, kisha kukipambazuka huvifunga na kuitumia asidi hiyo kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, aliona jambo hili kwa ulimi: katika barua iliyochapishwa mwaka 1815 alieleza kwamba majani ya mmea mmoja wenye tabia hii huwa makali kwa uchachu asubuhi, na mchana uchachu unapungua. (Usijaribu kwa shubiri, maji ya njano chini ya ganda lake huharisha.)

Si kila mmea wa ukame huishi hivyo. Mti wa jamaa ya mathenge ulikutwa Arizona, Marekani, mizizi yake imefika mita 53 chini ya ardhi. Huo hufuata maji, shubiri huyasubiri.

Sasa rudi kwenye ndoo yako. Udongo ukilowa muda wote, maji hujaza nafasi za hewa, mizizi hukosa oksijeni, hufa, na kuvu huingia. Hapo ndipo wengi hukosea: mizizi ikishakufa, majani ya juu hukunjamana kana kwamba yana kiu, na mwenye mmea anaongeza maji.

Ing'oe leo. Kung'uta udongo wote, kata mizizi myeusi na majani yaliyooza kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, mpaka ufike penye nyama safi, isiyo na doa la kahawia. Iache kivulini siku 4 hadi 7 jeraha lifunge. Ukiipanda mbichi, uozo utarudi.

Tumia chungu cha udongo chenye tundu, kisichozidi sana upana wa mizizi. Changanya sehemu 1 ya udongo wa bustani na sehemu 2 za mchanga mnene wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi. Usitandike kokoto chini ukidhani zitachuja: maji hung'ang'ania udongo ulio juu yake, na mizizi hubaki kwenye tope.

Usimwagilie wiki ya kwanza. Baadaye mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha ngoja. Chomeka kijiti sentimita 5. Kikitoka na udongo ulionata, bado. Kiangazi huenda ikawa kila siku 10 hadi 14, masika hata wiki 4.