Kaka yangu ananiita mwizi wa tamthilia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, ni fundi cherehani hapa Tanga. Kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili niliyokuwa naifuata kila usiku. Ilipoisha vibaya nilikosa usingizi, nikaanza kuiendeleza mwenyewe kwenye simu na kuwatumia wenzangu watano wa WhatsApp. Leo kundi lina watu sitini. Nimemwingiza msichana niliyemtunga mwenyewe, Zawadi: ana miaka 19, tayari ni daktari, anajua lugha saba, na yule mzee wa ukoo asiyecheka na mtu anamwita "binti yangu". Juzi msomaji mmoja kaandika, "Huyu Zawadi anatuchosha." Nimelia. Kaka yangu naye anasema naiba kazi za watu, na rafiki yangu anataka nitoze shilingi 500 kwa kila sehemu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kabatini kutoa bahasha moja kuukuu. Nitakueleza kilichomo.

Kwanza kaka yako. Muulize, bibi yenu alipowasimulia visa vya Abunuwasi, alimwomba nani ruhusa? Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na pwani yetu imemzulia visa ambavyo hata kuviota hakuviota. Washairi wetu nao wana takhmisi: mtu huchukua mistari ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake katika kila ubeti, ukawa wa mistari mitano. Mashairi ya Liyongo yamefanyiwa hivyo na watu wanayasoma kwa heshima mpaka leo. Kuingia katika kazi ya mtu ukaongeza yako ni jambo la kwetu, ila lina adabu yake. Ya mwenzio inabaki yake, nawe unaitaja. Basi juu ya kila sehemu andika tamthilia ni ipi, wenyewe ni nani, na kwamba mwendelezo ni wako.

Shilingi 500, hapana. Wahusika wale wana wenyewe na hakimiliki ni yao. Ukianza kupokea pesa, kaka yako atakuwa amepata hoja. Ukumbi mkubwa wa mtandaoni wa hadithi za namna hii, Archive of Our Own, ulifunguliwa mwaka 2009 na shirika la mashabiki wenyewe lisilotafuta faida, na humo kuuza ni marufuku. Mwaka 2019 ulipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi.

Sasa bahasha. Nilikwenda kusoma Uingereza miaka ya tisini, na jioni sebuleni hosteli televisheni ilikuwa ikirudia Star Trek, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1966 hadi 1969. Nilikuwa nakula nikasikia mtu anaitwa Uhura. Niliweka kijiko chini. Mwanamke mweusi, afisa wa mawasiliano katika chombo cha anga, na jina lake limetoka kwetu! Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba jina hilo lilitokana na neno uhuru, lililokuwa jina la kitabu alichokwenda nacho siku ya usaili.

Kuna sehemu iliyoonyeshwa kwanza Septemba 1967 ambayo mashine iitwayo Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu zote. Muuguzi Chapel anaanza kumfundisha kusoma Kiingereza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Uhura anakwama, anakasirika, na kinachomtoka ni Kiswahili. Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza, na sehemu inayofuata Uhura yuko kazini kama kawaida. Mimi usiku ule sikulala. Ikiwa mashine ilifuta kila kitu, Kiswahili kilibaki wapi?

Nikaandika kurasa 11 kwa mkono. Mama mmoja mtu mzima wa mji ule, mkutubi wa shule, alikuwa akitengeneza kijarida cha mashabiki mezani jikoni kwake, anakunja na kupiga pini mwenyewe. Mashabiki wa Star Trek walikuwa wakifanya hivyo tangu 1967, enzi za stensili na mashine za kurudufu, wengi wao wanawake. Alinirudishia kurasa zangu zimejaa penseli, nazo ndizo zilizomo katika bahasha ile. Ukurasa wa nne, nilipoandika "Uhura akasema maneno ya Kiswahili", yeye aliandika pembeni: "Maneno gani? Anamwambia nani?"

Swali hilo lilinikaa wiki nzima. Mwisho nikamfanya Uhura, akiwa kitandani zahanati ya chomboni, aseme, "Bibi, taa imezimika." Hajui bibi ni nani. Anajua tu kwamba akisema hivyo, kuna mkono utakuja gizani. Hadithi ikapumua hapo. Ilishuka ikawa kurasa sita, maana nilimtoa mhusika wangu mwenyewe, binti mzuri wa Pangani aliyemponya Uhura kwa kumwimbia.

Ndiyo, nami nilikuwa na Zawadi wangu. Kila anayeandika hadithi hizi anaanza naye. Mwaka 1973 Paula Smith, shabiki wa Marekani, aliandika kisa kifupi katika kijarida cha Menagerie kumhusu Luteni Mary Sue, mwenye miaka 15 na nusu, kijana kuliko maluteni wote, anayeweza kila kitu. Tangu hapo wahusika wa aina hiyo wanaitwa Mary Sue.

Lakini usimfute Zawadi, mwanangu. Mvue udaktari na lugha sita, umpe kazi unayoijua. Awe fundi. Wewe unajua uzito wa tepu shingoni, unajua mteja anavyovuta pumzi ndani unapompima kiuno. Katika jumba lile la kitajiri, bi harusi analeta gauni liongezwe sentimita mbili. Baada ya wiki mbili analirudisha liongezwe tena. Ukoo mzima haujui kitu. Zawadi anajua, pini zimo mdomoni, na hawezi kumwambia mtu. Hilo ni pengo ambalo waandishi wa tamthilia hawakuliona, na ni lako kwa haki, kwa sababu wao hawajawahi kushona.

Na usidhani kilichoandikwa nje hakiingii ndani. Tamthilia ile haikumpa Uhura jina la kwanza. Mwaka 1982 William Rotsler, mchoraji wa muda mrefu wa vijarida vya mashabiki, alimwita Nyota katika kitabu chake cha maisha ya wahusika. Mashabiki wakalishika, na filamu ya mwaka 2009 ikalitamka.

Yule aliyesema Zawadi anachosha, mtafute faraghani. Mwombe akusomee kila sehemu kabla hujaituma kwa wengine. Kati ya watu sitini, yeye ndiye aliyesoma kwa makini kiasi cha kuchoka, na wengine wamekupa makopakopa tu.

Nitumie sehemu ya gauni ukishaiandika. Penseli ninayo.