Slaida iendeshe kisanduku, kisanduku kisiendeshe slaida

Ndugu, kama nimekuelewa, kwenye dirisha lako la WPF (zana za Microsoft za kutengeneza madirisha ya programu) unataka ukisogeza slaida (Slider, kitelezi cha kuchagua namba) namba ibadilike kwenye kisanduku cha maandishi (TextBox), lakini mtu akiandika humo slaida ibaki ilipo. Kinachokusumbua ni kwamba hukutaja Mode, yaani mwelekeo wa muunganisho (Binding) kati ya hivyo viwili. Ukiiacha, WPF inatumia chaguo-msingi la sifa yenyewe, na Text ya TextBox chaguo-msingi lake ni TwoWay, yaani kila upande unabadilisha mwenzake. Ingekuwa TextBlock (ya kuonyesha maandishi tu), ingekuwa OneWay, yaani slaida kwenda kwenye maandishi tu, na usingeona tatizo.

Andika hivi (hapa Slider imepewa jina slaida):

<TextBox Text="{Binding ElementName=slaida, Path=Value, Mode=OneWay, StringFormat=F0}" />

Hiyo F0 inaondoa desimali, maana slaida haitoi namba nzima yenyewe. Ukitaka kinyume, kisanduku kiisukume slaida tu, weka OneWayToSource palepale. OneTime inasoma mara moja mwanzoni, basi.

Sasa hapa tafadhali kuwa makini, maana mimi pameshanila jioni nzima: ukiwa na OneWay halafu ukaandika kisanduku.Text = "40" kwenye kodi ya C#, muunganisho unafutika kabisa. Unasogeza slaida, namba imeganda kwenye 40, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Badilisha slaida.Value badala yake, kisanduku kitafuata chenyewe.

Tena ongeza IsReadOnly="True". Bila hiyo mtumiaji ataandika 75 akadhani imepokelewa, kumbe slaida bado iko 40.