Maswali na majibu: Vikomo vya jibini, na yaliyotukuta kwenye mbaazi

Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba nchi huweka kikomo cha kuingiza bidhaa. Kikifika, mzigo unarudishwa? (Mwanafunzi, Mtwara Mjini)

Marahaba. Kwa jibini, mara nyingi haurudishwi, unatozwa. Tangu mkataba wa kilimo wa Shirika la Biashara Duniani uanze mwaka 1995, nchi nyingi zina ushuru wa ngazi mbili: ndani ya kiasi kilichopangwa unalipa kidogo au hulipi kabisa, ukizidisha, ushuru unaruka. Jibini lililozidi kiasi hicho, Kanada hulitoza ushuru wa asilimia 245.5 ya thamani yake. Kilo ya dola 10 inakuwa dola 34.55 kabla haijatoka bandarini. Nani atailetea soko?

Sasa nani anafaidi? (Mfanyabiashara wa ufuta, Nachingwea)

Mfugaji wa Kanada analindwa, na hiyo ndiyo shabaha. Lakini anayevuna zaidi, kwa maoni yangu, ni mwenye kibali cha kuingiza jibini ndani ya kikomo: ananunua kwa bei ya nje, anauza kwa bei ya ndani iliyopandishwa na uhaba. Ndiyo maana vibali hugombewa. Kanada ilipotenga sehemu kubwa kwa wenye viwanda vya maziwa wa huko huko, New Zealand ilishtaki, na mwaka 2023 jopo la waamuzi likaona utaratibu huo unakiuka mkataba wa biashara ambao nchi zote mbili zimo. Tena kibali huhesabu kilo, hakihesabu thamani. Mwagizaji huchagua jibini ghali lenye faida nono kwa kila kilo, na la bei nafuu, la mlaji wa kawaida, linaachwa nje.

Huku Lindi hatuli jibini. Yatuhusu nini? (Mkulima, Ruangwa)

Ndugu yangu, yalishatukuta. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Bei ikaanguka vibaya, magunia yakalala majumbani. Hakuna aliyekosea kulima. Uamuzi ulitoka New Delhi. Wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu hapo, walikuwa na makubaliano yao na India kuhusu mbaazi. Viongozi wa ushirika wawaulize wizarani habari hizi kabla ya kupanda, wasingoje mavuno.

Nikitengeneza jibini Mikindani nitauza Ulaya? (Msomaji, Mikindani)

Kikomo si kikwazo chako cha kwanza. Umoja wa Ulaya hupokea bidhaa za maziwa kutoka nchi zilizoidhinishwa kiafya tu, na kiwanda chenyewe lazima kiwe kwenye orodha. Anza na hoteli za hapo mjini.