Tairi jipya, kasi pungufu

SWALI: Nimetoa matairi ya 700x23 nikafunga ya 700x28, yaani upana wa milimita 28 badala ya 23. Tangu hapo kompyuta ya baiskeli yangu inaonyesha kasi ndogo kuliko ya mwenzangu, ingawa tunakwenda sambamba. Tena hesabu ya mizunguko ya pedali hupotea ghafla na kurudi. Je, kifaa kimekufa?

JIBU: Kizima kabisa. Kinachohesabiwa ni sumaku ya kwenye spoku inapopita mbele ya kihisi kilichofungwa kwenye foku, uma unaoshika gurudumu la mbele. Kila ikipita, swichi ndogo ndani ya kihisi hujifunga, na kompyuta hupima muda hadi ipite tena. Kisha huchukua mzingo wa tairi uliouingiza wewe na kuugawa kwa muda huo. Kwenye kilomita 30 kwa saa, gurudumu lako huzunguka karibu mara 4 kwa sekunde.

Tairi la 23 lina mzingo wa milimita 2,096 hivi. La 28 lina 2,136. Hukubadilisha namba ya mzingo kwenye kompyuta, basi unapunjwa karibu asilimia 2: ukienda 30 unasoma 29.4. Jedwali la mizingo kwenye kijitabu cha kompyuta linatosha, ila kupima mwenyewe ni bora. Jaza upepo wako wa kawaida, weka valvu chini kabisa, tia alama ya chaki sakafuni. Panda baiskeli, maana uzito wako huibonyeza tairi, usogee mbele bila kuyumba hadi valvu irudi chini mara 3. Pima urefu, ugawe kwa 3.

Kwa pedali, sumaku iko kwenye mkono wa pedali na kihisi kwenye fremu, upande wa nyuma. Acha nafasi ya milimita 3 hivi, na sumaku ipite usawa wa alama ya kihisi. Mara nyingi mkanda wa plastiki hulegea, kihisi kikageuka. Kaza. Ikishindikana na chako hakina waya, badilisha betri ya kihisi. Wengi hubadilisha ya kompyuta yenye kioo tu. Namba ikiganda sekunde chache baada ya kuacha kukanyaga, hiyo si hitilafu: kompyuta bado inaisubiri sumaku.

SWALI: Nikiifunga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi, pedali zinahesabiwa lakini kasi ni sifuri. Kwa nini?

JIBU: Kihisi kiko gurudumu la mbele, nalo limesimama. Kihamishie nyuma pamoja na sumaku yake.